Mlango Usioibika

Jumatatu, 3 Machi

Umekwisha! Mlango wangu wa mbele umesimama leo. Nimeweka kiti barabarani nikakaa mbele yake, nautazama kama watu wanavyotazama mpira. Mbao nene kama mkate. Ilinivunjia misumeno miwili, wa tatu ukaomba likizo. Nimeipiga randa na msasa mpaka nzi akitua anateleza. Kitasa cha funguo tatu tofauti. Na kwa juu, upande wa barabarani, nimechonga kwa patasi herufi kubwa: FUNDI KOMEO – HAUIBIKI.

Lakini utamu wenyewe ni bawaba. Tatu, za shaba, nilizitunza miaka nikingoja mlango unaozifaa. Mafundi wengine huning'iniza mlango ufungukie ndani, bawaba zikabaki chumbani gizani kama mtu anayeonea aibu meno yake. Mimi hapana! Nimeufanya ufungukie nje, bawaba zote tatu zikakaa barabarani na vichwa vya pini zake viking'aa. Apitaye aone.

Mama watoto amesimama akatazama, akauliza mbona bawaba ziko nje. Nimemwambia hiyo inaitwa ufundi. Akasema sawa, akarudi kwenye sufuria zake.

Jumanne, 4 Machi

Watu kumi au mia wamesimama kuutazama leo. Sikuhesabu, nilikuwa nazungumza.

Nimewasimulia ule mlango niliomtengenezea bwana mmoja tajiri zamani. Mlango mgumu mpaka mwenyewe alishindwa kutoka, wakawa wanampitishia chakula dirishani mpaka niliporudi kutoka safari. Muuza mkaa akauliza, kama kulikuwa na dirisha, mbona hakutokea dirishani? Watu wengine hawajui kusikiliza hadithi.

Mwalimu mkuu naye kasimama. Yule mama wa shule ya pale juu, mwenye miwani ya kamba. Wanajenga madarasa mapya, yanahitaji milango. Kagonga mbao kwa kidole, kakipima kitasa kwa jicho. Kasema njoo tuzungumze Jumatatu. Kwa sauti ya kawaida tu, mimi nikajibu kwa sauti ya kawaida tu. Alipokata kona nikaruka!

Alhamisi, 6 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nimeamshwa na kuku. Kuku wa jirani, amesimama katikati ya chumba chetu cha kulala, ananitazama kama mpangaji mwenzangu. Nikajiuliza kapita wapi. Upepo nao unapuliza shuka. Mama watoto akaenda sebuleni, nikasikia, “Baba watoto! Njoo uone barabara!”

Nikaenda. Nikaiona barabara. Yote. Mpaka kwa muuza mkaa.

Mlango haupo.

Televisheni ipo. Redio ipo. Viatu vyangu vya ngozi vipo palepale mlangoni, ila mlangoni kwenyewe ndiko hakupo. Hawakuingia hata hatua moja. Wamechukua mlango tu, na bawaba zake, wakaenda zao. Na funguo zote tatu ziko chini ya mto wangu, salama kabisa!

Kwenye fremu hakuna hata mkwaruzo. Matundu ya skrubu tu, masafi, kama ya fundi. Chini ya kizingiti nikaiona pini moja ya bawaba imedondoka. Imenyooka. Inang'aa. Nikaitazama kidogo, nikaitia mfukoni kabla mama watoto hajageuka.

Watu wakajaa. Muuza mkaa akashika kichwa, akacheka mpaka akakaa chini. “Jamani! Komeo kaibiwa! Na maandishi yake!” Wengine wakauliza: wamefanyaje, Fundi? Wote wananingoja mimi.

Maneno yalitoka yenyewe. Nikasema walikuwa watatu. Majitu. Wana mtaimbo mrefu kama mimi. Niliamka nikapambana nao hapa kizingitini, wawili nikawatupa, wa tatu akanipulizia dawa ya usingizi.

Mama watoto alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaenda kumtoa kuku.

Ijumaa, 7 Machi

Polisi. Sajenti ni mtu mnene mpole, anaandika polepole na ulimi umetoka nje kidogo. Nikamweleza yote. Majitu matatu, mtaimbo, mapambano, dawa. Alipofika kwenye mtaimbo akauliza, “Uliuona kwa macho yako?” Nikamwambia niliushika kwa mikono yangu! Akaandika hivyohivyo. Akanipa nitie sahihi. Sahihi yangu ni nzuri sana, ina mkia.

Shule niliiacha mapema kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa, lakini sahihi yangu hata daktari hana.

Sajenti akauliza kuhusu adhabu, mimi naonaje. Nimemwambia wezi wote wafungwe maisha na funguo zitupwe ziwani. Akasema hapa hatuna ziwa. Nikamwambia basi nitatengeneza kitasa kisicho na funguo kabisa.

Tumetundika shuka mlangoni. Mama watoto ananilaza upande wa barabarani. “Wewe si uliwatupa wawili? Lala huko.” Nimemwambia jina langu peke yake linatosha kulinda nyumba. Kuku kaingia tena.

Jumapili, 9 Machi

Leo! Leo!

Kesho nakutana na mwalimu mkuu, nikataka shati langu jeupe lipigwe pasi vizuri. Mama watoto kasema mpelekee dobi wa safu za nyuma, amerudi kazini. Alikuwa ameacha kwa muda, nguo za watu zilikuwa zinaibiwa chumbani kwake. Nikauliza kwa nini zamani ziibiwe na sasa zisiibiwe. Akasema, “Nasikia amepata mlango.”

Mimi sikuwaza kitu. Naapa sikuwaza kitu! Niliona tu ni jambo jema kwa dobi.

Safu za nyuma ni vyumba vya kupanga, chumba kimoja kimoja, milango ya bati iliyolegea. Cha dobi kiko mwisho. Mlango ulikuwa wazi, umesukumwa ndani ukutani. Nikaingia. Nguo za watu zimetundikwa kwenye kamba, safi, kila moja na kitambaa cha alama. Pasi ya mkaa inafuka. Dobi mwenyewe ni mwanamume wa umri wangu, mwembamba, mikono mikubwa. Nikampa shati. Mkewe akasema karibu shemeji, kaa, vumbi linaingia. Akausukuma mlango ukafunga.

Nikageuka. Na mbele ya uso wangu, kwa herufi kubwa: FUNDI KOMEO – HAUIBIKI.

Nilipiga kelele gani sijui. Nadhani nilisema “Mlango wangu!” Mke wa dobi akaangusha beseni. Dobi akaweka pasi chini polepole, akasimama wima kama mwanafunzi. Na huko nje watu waliokuwa wanapita hawakusikia mlango, walisikia mwizi. Mmoja akaita, kumi wakajibu. Ile sauti ninaijua. Nimewahi kuisikia mtaani mara mbili, na mara zote mbili aliyekuwa ndani yake hakutoka akitembea.

Nikachungulia dirishani. Fimbo. Mawe. Muuza mkaa, ambaye ni mtu mzuri! Na mbele kabisa, mwenye nyumba wa safu hizo, mtu wa kofia, ndiye anayepiga kelele kuliko wote: “Mtoeni! Mtoeni tumfundishe!”

Mke wa dobi hakulia. Alinitazama mimi. Tu.

Sikufikiri. Mkono uliingia mfukoni wenyewe, ukatoka na funguo. Natembea nazo tangu siku ile, nionyeshe watu kwamba funguo hazikuibiwa. Ya kwanza nikazungusha. Ya pili. Ya tatu. Ndimi za kitasa zikaingia kwenye fremu ya dobi taa taa taa, kana kwamba mtu alizichimbia matundu kwa rula. Na alizichimbia! Dobi hana funguo hata moja, ndimi kazirudisha ndani kwa kukifungua kitasa, lakini matundu yote matatu kayachimba, tayari tayari.

Wakaja. Bega, bega, teke. Wakaleta benchi wakagonga nalo. Benchi likavunjika! Mlango wala haukukohoa. Jiwe likarudi kwa mwenyewe. Nilisimama nyuma yake nimeweka kiganja kwenye mbao, nikaisikia mitaa mitatu ikishindwa na mkono wangu, nikasahau kabisa nipo upande gani wa kesi. Nikapiga kelele, “Ongezeni nguvu! Hiyo ndiyo yote mliyo nayo?”

Mke wa dobi akasema, “Shemeji, tafadhali usiwachokoze.”

Nikatulia. Nikaangalia bawaba. Zangu, za shaba. Lakini kaziweka ndani. Zote tatu chumbani, nje hakuna hata ncha ya kushika. Ya juu ina pini yake, ya chini ina pini yake. Ya katikati ina msumari.

Pini ya katikati nilikuwa nayo mfukoni.

Nikamwuliza dobi, “Uliutoaje?” Nilitaka aseme alikuwa na mtaimbo. Nilikuwa tayari kumsaidia aseme. Akajibu, “Kwa mpini wa kijiko na kisigino cha kiatu. Pini zilikuwa nje, kaka. Unasukuma kutoka chini, inapanda.” Hakusema kwa dharau. Alisema kama anayeeleza jinsi ya kutoa doa.

Nikamwuliza nani alimfundisha. Akaelekeza kidole dirishani, kwa mtu wa kofia. Dobi alipougua akachelewesha kodi. Mwenye nyumba hakumfukuza, alikuja na fundi wake mchana kweupe, wakamng'olea mlango, wakaondoka nao begani. Ndivyo wanavyofanya huku ili mpangaji ajiondoe mwenyewe. Yeye alisimama akatazama jinsi pini zinavyotoka. Baada ya hapo dobi bila mlango. Nguo za watu zikaibiwa, wateja wakakimbia, kodi ikazidi kuchelewa. Kaenda polisi kushtaki kuhusu mlango wake, kaambiwa hayo ni mambo ya mpangaji na mwenye nyumba.

“Nikapita kwako,” akasema. “Nikauona. Niliuona Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kila siku pini zinaning'aria. Sikutaka kitu kingine, kaka. Hata redio niliiona.”

Nikamwuliza, na mimi nilikuwa wapi? Akatazama chini. “Ulikuwa unakoroma.”

Sasa tungoje polisi, mtu huko nje keshawaita, hakuna pa kwenda. Nje wanapiga mlango. Dobi akatazama pasi, akatazama shati langu. “Mkaa unakufa bure,” akasema. Akalinyunyizia maji, akalipiga pasi. Kola, mabega, mikono, kila kipande mahali pake, na benchi la pili linavunjikia nje! Mkewe akanipa kikombe cha chai ya rangi. Nikanywa. Sijawahi kunywa chai nikiwa nimezingirwa na watu, na nimezingirwa mara nyingi.

Sajenti alipofika nikafungua mimi mwenyewe, nikatoka wa kwanza na shati mkononi limenyooka. Nikasema kwa sauti: huyu ni mwizi wangu mimi, nimemkamata mimi, na atakayemgusa nitamfungia ndani ya mlango huu. Wakapisha njia. Hata mwenye nyumba.

Mlango nimerudishiwa, Sajenti kituoni hana nafasi. Nitaupeleka mwenyewe siku ya kesi. Dobi kaenda na pingu.

Jumatatu, 10 Machi

Mimi ni shujaa! Muuza mkaa kaniita kaka mkubwa. Kinyozi kakataa malipo ya kichwa changu, kanyoa bure na nyusi kaziweka sawa.

Mwalimu mkuu kasikia yote. Alitabasamu, jambo ambalo nadhani hufanya mara moja kwa muhula. Anataka milango ya madarasa yote. “Nataka kama ule uliozuia umati. Na yote ining'inizwe hivyohivyo ule ulivyoning'inizwa kwa dobi.” Nikasema bila shaka, mwalimu. Akasema atakuja mahakamani siku ya kesi, asikie mwenyewe mlango ulivyoibiwa mwanzo, asije akanunua shida.

Nikasema bila shaka, mwalimu.

Sajenti naye kaja dukani kwangu. Kauliza, wale wengine wawili wako wapi? Nikasema majitu hukimbia haraka. Na mtaimbo? Walikimbia nao. Akaandika. Ulimi nje.

Jumatano, 12 Machi

Mlango umeegemea ukuta sebuleni. Sijautundika. Nikiutundika bawaba nje, utaibiwa. Nikiutundika bawaba ndani, mtaa mzima utauliza mbona nimebadilisha. Nimemwambia mama watoto ni kielelezo cha mahakama, hauruhusiwi kuguswa. Basi bado tunalala na shuka.

“Kwa hiyo,” akasema, “dobi kalala nyuma ya mlango wa chuma, mlango wako umelala sebuleni, sisi tumelala barabarani.”

Mwanamke huyu angeenda shule asingekuwa na mpinzani.

Alhamisi, 13 Machi

Mpwa wangu kapita, yule karani wa mahakama, mtoto wa dada yangu. Nilimfundisha mwenyewe kusoma, au nilikuwepo alipofundishwa. Kala, kacheka na mama watoto, halafu akasukuma sahani kando.

“Mjomba, nimesoma maelezo yako.”

Nikamwuliza sahihi kaionaje.

“Mjomba. Mtaimbo unabadilisha kila kitu.” Akanieleza kwa vidole. Mtu akichukua mlango akaondoka, hakuingia, hakumtisha mtu: huo ni wizi. Hakimu huyu wa sasa, kwa wizi wa namna hiyo na kosa la kwanza, hupenda kutoa kazi za jamii. Ufagie soko, upake rangi zahanati, jioni unarudi kwenu. Lakini watu watatu, usiku, silaha ya chuma, kupigana na mwenye mali, dawa ya usingizi? Huo si wizi tena. Huo ni unyang'anyi, na hakimu hata akitaka hana pa kuupunguzia. “Miaka, Mjomba. Mingi. Atatoka mzee.”

Nikamwambia lakini nilisema tu vile...

“Unajua ninavyokupenda,” akasema. “Sikuambii useme nini, hairuhusiwi. Nakuambia tu kwamba utaapa kwanza ndipo useme.”

Akaondoka. Kwenye kizingiti akainua shuka kwa kidole, akaangalia fremu. Muda mrefu. “Hakuna mkwaruzo,” akasema, kama anayejisemea.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekataa kuwaza. Nimetengeneza stuli nne na kuwasimulia wateja habari ya benchi lililovunjika. Sasa ni mabenchi manne na tenki la maji.

Ila jambo moja. Mwenye nyumba wa kofia kaja kuagiza kitasa. Nikamwuliza, ule mlango wa dobi uliomng'olea uko wapi? Akasema upo kwake uani, ameufanya banda la mbwa. Nikamwuliza, je, Sajenti aliwahi kukuhoji? Akacheka kweli. “Kwa nini anihoji? Mlango ni wangu.”

Nimekaa na hilo mchana kutwa. Mwenye nyumba aking'oa mlango wa mtu, ni mwenye nyumba. Mpangaji aking'oa mlango wa mtu, ni mwizi. Na kijiko ni kilekile! Mimi nilikuwa nasema watu wanaiba kwa uvivu. Huyu alikuja na kijiko, akatoa pini tatu, akafungua skrubu zote, akabeba mbao ambayo mimi huibeba kwa kupumzika njiani, akachimba matundu ya kitasa asichokuwa na funguo zake. Mimi mvivu wa namna hiyo ningemwajiri.

Kitasa nimemwambia sina. Kilikuwepo rafuni mbele ya macho yake.

Jumamosi, 15 Machi

Mke wa dobi kaja. Nilidhani kaja kuomba, nikaanza kukohoa na kupanga maneno. Hapana. Kaleta suruali yangu. Ilisahaulika kwao wiki za nyuma kabla dobi hajaacha kazi, sikukumbuka hata mimi. Kaifua na kuinyoosha yeye. “Mume wangu kasema asibaki na kitu chako.”

Mama watoto kamkaribisha jikoni. Nikawasikia wakicheka! Nikasogea ukutani. Mke wa dobi alikuwa anasimulia jinsi mumewe alivyorudi na mlango asubuhi ile, jasho linamtiririka, akamwambia ni zawadi. Akamwuliza, zawadi yenye jina la mtu? Dobi akajibu, “Ndiyo jina la kampuni.” Mama watoto alicheka mpaka akaangusha mwiko.

Halafu sauti zikashuka. Mke wa dobi akasema tangu siku ile chumba kimebaki wazi tena, anatundika shuka. Mama watoto akasema, na sisi pia. Halafu wakaanza kucheka upya, wote wawili.

Jumatatu, 17 Machi

Kesi ni kesho. Mama watoto kanipangia shati jeupe. Bado limenyooka vilevile, sijui kaweka nini dobi huyu. Kasema kitu kimoja tu akizima taa. “Nilikuona ukiiokota.”

Nikamwuliza nini.

“Lala, baba watoto.”

Watamfungia nyuma ya mlango mkubwa wa chuma, mtu ambaye shida yake yote ilikuwa kukosa mlango. Serikali itampa bure. Hilo nikiwasimulia watu watasema natunga.

Jumanne, 18 Machi

Naandikia kwenye benchi la ukumbini mahakamani, nje ya chumba cha kesi, mlango uko wazi naona ndani. Watu wanadhani naandaa hotuba.

Nimeuleta mlango kwa mkokoteni, nimeufunika shuka ileile. Kila mtu yupo. Muuza mkaa. Mwenye nyumba na kofia yake, kaambiwa aivue. Mwalimu mkuu kakaa mbele na kalamu. Mama watoto na mke wa dobi wamekaa benchi moja, bega kwa bega, kama ndugu! Dobi kwenye kizimba, pingu, kakonda. Aliponiona akalitazama shati, akatikisa kichwa kidogo kwa kuridhika.

Hakimu ni mama mwenye sauti ndogo. Kasema shahidi hatasema neno mpaka kielelezo kiwe mbele yake. Leteni mlango.

Hapo ndipo tulipo.

Mlango hauingii! Ukumbi ni mwembamba. Mlango wa chumba cha mahakama unafungukia nje, huku kwetu. Ukiufungua, unaziba ukumbi, mlango wangu hauwezi kukata kona. Ukiufunga, umefunga. Tumejaribu kwa ubavu, kwa kichwa, kwa kuinamisha. Sajenti kabanwa kidole. Muuza mkaa anatoa maelekezo kutoka mbali, kama kawaida yake.

Sajenti kasema alete mtaimbo waung'oe ule wa mahakama. Hakimu kasikia huko ndani. “Mlango wangu hauguswi na mtaimbo.”

Ndipo dobi akasema kutoka kizimbani, kwa heshima zote: “Mheshimiwa, huo unatoka bila kuvunjwa. Bawaba zake ziko nje.”

Nikatazama. Kweli! Tatu, ukumbini, pini zimesimama wazi. Nimekaa chini yake tangu asubuhi nisione. Mahakama nzima, na fundi wake kaiweka kama mimi! Moyo wangu ukacheka kabla yangu.

Hakimu kauliza, “Unahitaji nini?”

“Kiatu, Mheshimiwa. Na kipande chembamba cha chuma. Kama pini.”

Sasa Sajenti anamfungua pingu. Dobi anavua kiatu. Mwalimu mkuu amesimama aone vizuri. Watu wanapapasa mifuko: kalamu, sarafu, kibiriti. Hakimu anauliza kwa mara ya pili, hakuna mtu humu mwenye kipande cha chuma? Mpwa wangu ameinua macho kutoka meza ya karani, hamtazami mtu mwingine.

Mama watoto anautazama mfuko wangu wa kulia.

Ipo. Imenyooka, haina mkwaruzo, na imeshika joto la paja. Ila mkono wa kulia ndio huu ninaoandikia, lazima kwanza niweke kala